Dhahabu ya Mwaloni

Mwaloni Mbangala, wilayani Songwe, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa, karasha halinyamazi. Mawe yanaingia magumu, yanatoka unga wa kijivu. Unga unatiwa maji na kuteremshwa juu ya mataulo yaliyotandazwa kwenye ubao ulioinamishwa. Dhahabu, kwa uzito wake, inanasa humo. Mama mmoja, viganja vyekundu kwa udongo, analifulia taulo lake ndani ya karai, kisha analizungusha karai taratibu mpaka kwenye ukingo unabaki mstari wa njano, mwembamba kama uzi.

“Sogea kidogo, kaka, unaniziba mwanga.”

Nikasogea. Mstari ule wa njano ulikuwa umeyapeleka mawazo yangu Siena, Italia, kwenye Maestà, mchoro wa Bikira Maria ambao Duccio alimaliza mwaka 1311 na watu wa mji wakaubeba kwa maandamano hadi kanisa kuu. Chini ya utukufu ule kuna mbao za mti wa popla, zilizopakwa jasi na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka. Palipotakiwa dhahabu, mafundi wa zama zile walipaka kwanza udongo mwekundu laini uliokorogwa na ute wa yai. Ndio unaoipa dhahabu joto lake. Kisha wakalaza karatasi ya dhahabu nyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi, wakaisugua kwa jiwe au jino la mbwa hadi ing'ae.

Cennino Cennini, fundi aliyeandika siri za kazi hii yapata mwaka 1400, alionya kwamba dukati moja, sarafu ya gramu 3.5 hivi, isifuliwe kuwa zaidi ya karatasi 100, ingawa wafua dhahabu walifikisha 145.

Mama alitia zebaki ndani ya karai ili iikusanye dhahabu, kwa mikono mitupu. Hapo niliumia. Zebaki hiyohiyo, ikipikwa na salfa, ndiyo iliyowapa Waitalia wekundu wao mkali, na sumu yake haichagui mchoraji wala mchenjuaji. Nikamsihi atafute glavu na asimame upande upepo unakotoka wakati wa kuichoma zebaki iondoke. Akaitikia kwa kichwa, akachoma. Moshi ukapita karibu na uso wake.

Mizani ikasoma gramu 0.7. Kwa kipimo cha Cennini, karatasi 20.

Akaifunga kwenye kipande cha nailoni, akaifundika kwenye pindo la kitenge, akanyoosha mkono kuchukua taulo jingine.