Undugu Ni Kufaana

Wengi wenu mnausoma mfululizo wa Sarah J. Maas, ulioanza 2015 na A Court of Thorns and Roses, kwa ajili ya mapenzi. Mimi kurasa za chumbani naziruka. Kinachonishika ni Feyre kupata marafiki wasio wa damu yake, wakawa ndio kwao.

Nimeolewa kutoka Unguja nikaja Kasulu, kwenye baridi na Kiha nisichokijua. Mume wangu ni mwema, lakini hawezi kuwa mama, somo na shoga kwa pamoja. Nilipojifungua, aliyenikanda maji moto ni jirani yangu Muha.

Hapa wilayani iko kambi ya Nyarugusu, yenye Wakongo tangu 1996. Huko Kibondo, Nduta ilifunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi. Watoto waliofika bila wazazi hulelewa na familia nyingine.

Kwetu si jambo geni. Mtume (SAW) alipohamia Madina aliunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Walirithiana, mpaka Qur'ani ikarejesha mirathi kwa jamaa wa damu. Hapo riwaya hazifiki: ndugu wa kuchagua hafuti nasaba, na rafiki wa mume hawi maharimu.

Biharusi unayekwenda mbali, mpigie mama simu kila siku. Kisha toka, ukabishe hodi kwa jirani.