Misungwi: Mwano Chini ya Mchanga

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwa barabara iendayo Shinyanga huagana na ziwa upesi. Akifika Usagara huikuta njia panda: mkono wa kulia ni Kigongo, ambako tangu Juni 2025 daraja refu limechukua kazi ya kivuko cha Busisi, mbele ni Misungwi. Huko majabali ya matale yamekaa juu ya vilima kana kwamba yalipangwa na mtu, na chini yake mashamba yameteremka kwa matuta hadi bondeni.

Wenyeji hawasemi tu kwamba wanalima udongo. Karibu na majabali ni luseni, mchanga mwepesi utokao kwenye mawe hayo hayo. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaonata mvua inyeshapo na kupasuka kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanga, aliueleza ulimwengu jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni, akauita mfuatano huo katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Wasukuma walikuwa wamekwisha kuipa jina kila pete ya mnyororo huo.

Shangazi wa mke wangu analima luseni. Nilipomtembelea mara ya kwanza ilikuwa Februari, mahindi yangalipaswa kunifika kichwani. Yalinifika kiunoni, yamenyauka ilhali mvua ilikuwa imenyesha juzi, na kati ya mistari palikuwa na maua mazuri ya rangi ya waridi. Mgeni wa mjini angaliyachuma akayatia katika chombo. Kumbe ni kiduha.

Tulikwisha kuamkiana, nami nimeketi, aliposema, “Baba, huyu mwanangu anasema msimu ujao halimi tena hapa. Anasema shamba limelogwa. Wewe unayesoma, niambie: limelogwa au limechoka?”

Sikuwa na jibu siku ile. Nililitafuta baadaye, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mmea haujitoshelezi peke yake. Katika mchanga kama luseni, fosforasi ni kidogo, na hiyo iliyopo haitembei. Mzizi ukiisha kula iliyo karibu nao hubaki na njaa. Hapo huingia kuvu wadogo wanaoishi nusu ndani ya mzizi na nusu nje, wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya mahali ambapo mzizi hauwezi kufika. Huleta fosforasi, nao hulipwa kwa chakula kilichotengenezwa na majani, kati ya asilimia 4 na 20 ya chote. Malipo hayo si madogo! Lakini mapatano yenyewe ni ya kale: huko Rhynie, Uskoti, mawe yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400 yamehifadhi mimea iliyokuwa bado haina mizizi kamili, na kuvu wamo ndani yake. Muhogo, ambao mizizi yake ni minene na michache, huwategemea mno. Usingalistawi katika mchanga maskini bila wao.

Je, kuvu hujuaje kwamba mzizi u karibu? Msomaji aliyekulia Usukumani anaujua mwano, ukelele wa kuomba msaada, ambao ukipigwa usiku majirani hutoka mbio. Mmea nao hupiga mwano. Ukiona njaa ya fosforasi hutoa mizizini kemikali kidogo sana iitwayo strigolaktoni, na nyuzi za kuvu zikiipata huchipua matawi kuelekea kwenye mzizi.

Ajabu ni kwamba kemikali hiyo ilijulikana kwanza kwa ubaya wake. Mwaka 1966, nchini Marekani, wanasayansi waliipata ya kwanza ya jamii hiyo katika mizizi ya pamba, nao walikuwa wakitafuta kitu kinachoamsha mbegu za kiduha. Kwa karibu miaka 40 swali likabaki: kwa nini mmea umwite adui yake? Mwaka 2005 wanasayansi wa Japani wakaonyesha kwamba haumwiti adui, unamwita kuvu. Kiduha ni mwizi aliyejifunza kusikiliza mwano. Mche wake mmoja huangusha mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kulala ardhini miaka kumi na zaidi zikingoja. Zikiusikia mwano wa mahindi au mtama huamka, huuvamia mzizi na kunyonya kabla jani halijaonekana juu ya ardhi.

Basi shamba la shangazi lilikuwa limechoka, na kwa kuchoka likapiga kelele. Udongo ukiwa na njaa zaidi, mmea hupaza sauti zaidi. Majaribio yameonyesha vilevile kwamba mtama na mahindi yaliyokwisha kupata kuvu wake hupunguza mwito huo.

Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichomo wilayani humo humo Misungwi na kinachojulikana sana kwa pamba, kimeshughulika na uchovu wa udongo huu kwa muda mrefu. Mwaka 1962 J. E. Peat na K. J. Brown walichapisha matokeo ya majaribio ya hapo kuhusu samadi, mbolea za viwandani na hata majivu ya mbegu za pamba. Nami naona pamba yenyewe ina faida ambayo mkulima haandikiwi kwenye stakabadhi ya mauzo: huziamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuishi katika mzizi wake. Huamka, hukosa pa kushika, hufa.

Nilirudi misimu mitatu baadaye. Yule kijana hakuwa ameondoka. Hakuwa ameshawishika sana pia. Alikuwa akisomba samadi kutoka zizini kwa mkokoteni, akilalamika juu ya jua. Nusu ya shamba ilikuwa pamba, nusu karanga, na viduha vilikuwapo bado, vichache, pembeni, ambako mama yake huving'oa kabla havijatoa mbegu.

Shangazi aling'oa mche mmoja wa karanga anionyeshe. Mizizini palikuwa na vinundu kama punje za mtama, makao ya bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Kila jamii ya mikunde ina wake. Wale wa karanga hawaufai mdengu unaopandwa kule chini mbugani mvua zikielekea kwisha. Nilikuwa nimemweleza safari iliyopita kwamba kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani mfano wa damu, na kisichofanya kazi huwa cheupe au kijani.

Alikipasua kimoja kwa ukucha, akakitazama, akamwita mwanawe.

“Njoo uone.”

Kijana akaacha mkokoteni. Kilikuwa chekundu. Akauchukua mche ule, akapasua kingine, na cha tatu.