Batiki ziliniumbua, kimea kikanisitiri!

Mpenzi msomaji, nikikatiza mtaani na batiki yangu ya zambarau watu hudhani mambo yangu yamekuwa supa tangu nizaliwe. Thubutu! Hilo kovu unaloliona kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, ambalo wambea wanasema nilimwagiwa uji na mke wa mtu, ni la kostiki. Leo nalitoboa lote.

Nakaa Manzese, chumba na ukumbi, na uani ndiko kwenye ofisi yangu: mapipa mawili, jiko la mkaa, kamba za kuanikia. Nachovya batiki. Basi shoga yangu niliyekaa naye dawati moja toka darasa la tano akapata mchumba, na kamati yake ya kitchen party ikanipa tenda ya sare: pea 20, zambarau kwa maua meupe. Wakanikabidhi advansi ya shilingi laki nne. Nilitamba mtaa mzima. Nusu nikanunua vifaa, nusu nyingine, jamani, nikalipa kodi ya nyumba.

Nikaenda Kariakoo, nikabeba marikani mpya, ngumu, ukiikunja inalia kama gazeti. Nikajiambia huu ndio mzigo wenyewe, mzito. Nikapiga nta, nikachanganya rangi na kostiki na haidrosi kama nilivyofundishwa, nikachovya. Kitambaa kikatoka, kikapigwa na hewa, rangi ikaanza kufunguka. Mungu wangu! Huku imekolea, kule imepauka, pale haikushika kabisa. Mabaka matupu! Nikifua, maji yanatoka zambarau utadhani nimekamua zabibu.

Nilichofanya ni kile tunachofanya sisi wajuaji. Nilipanda daladala hadi kwa muuza rangi nikamwakia mbele za watu. Yule kijana akanitazama tu. "Dada, kopo hilohilo wamenunua wenzako wanne. Hakuna aliyerudi." Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikaamua kuiongezea dawa nguvu. Kostiki mara mbili, maji ya moto ile mbaya. Glovu ilikuwa na tundu. Nilisikia mkono unateleza kama nimeshika sabuni, kisha moto. Jirani ndiye aliyenikimbiza bombani, nikamwagiwa maji muda mrefu huku nalia kama mtoto.

Jioni hiyo bi harusi mtarajiwa akaja. Akazitazama zile nguo kambani, akanitazama mimi na bendeji yangu. Hakufoka. Alisema, "Shoga, ungeniambia tu kwamba huwezi." Akaondoka. Heri angenitukana! Kesho yake kamati ikadai pesa yake, na mimi nimechacha.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa nyumba ya tatu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo kabla ya kustaafu. Alikuja kunipa pole. Akaomba kipande cha marikani ambayo haijachovywa, akadondosha tone la maji. Tone likakaa juu, linang'aa, haliingii. "Umeona, binti? Kama maji hayaingii, rangi itaingia vipi?" Kisha akaniuliza kama nina ile aidini ya vidonda. Akatia tone moja. Pale pale pakawa bluu ya kukaribia nyeusi. Mpenzi msomaji, hilo jaribio tulilifanya shuleni kwenye biolojia, nikapata vema, nikasahau!

Ule ulikuwa wanga, au stachi kama tunavyoiita. Mzee akaniambia kwamba kiwandani, kabla ya kufuma, nyuzi za pamba zinapakwa wanga ili zisikatike kwenye mtambo. Kitambaa kikitoka bila kuoshwa kinakuja na wanga wake wote. Ugumu niliousifia Kariakoo haukuwa pamba, ulikuwa uji uliokauka! Rangi yangu ilikaa juu ya uji, nami nikafua uji pamoja na rangi.

"Sasa nautoaje, mzee? Kwa kostiki?" Akacheka. Akasema viwandani wanatumia vimeng'enya, vile wasomi wanavyoita enzaimu. Kila kimeng'enya kina kazi yake. Kinachokata wanga kinaitwa amilesi, na kinaukata mpaka unayeyuka kwenye maji, lakini pamba hakiigusi. Hata mate yetu yanacho, ndiyo maana ukitafuna mkate muda mrefu unakuwa mtamu. Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walikitoa kwenye kimea cha shayiri mwaka 1833, na kabla ya dawa za kisasa viwanda vya nguo viliondoa wanga kwa maji ya kimea. Kimea! Nikaruka. Kwetu Moshi kimea ni chakula na kinywaji!

Nikampigia shangazi yangu, fundi wa mbege. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umeshaolewa?" Nikamweleza shida yangu, akaangua kicheko. "Kumbe mmesoma bure! Uji wa mtoto ukiwa mzito tunatia nini? Si kimea cha ulezi? Dakika chache tu umekuwa mwepesi kama maji. Ulidhani ni uchawi?" Kesho yake basi likaniletea kifuko.

Sikuuliza zaidi, maana na ujuaji bado ninao. Nikamwaga unga wote kwenye sufuria pamoja na kitambaa, nikachemsha mpaka mapovu. Nikatia aidini: bluu vilevile, tena zaidi! Nikampigia tena. Safari hii hakucheka. "Umekiua. Uji ukichemka unaepua, unaacha upoe kidogo, ndipo unatia kimea. Na unga wenyewe si ni wanga? Unaongeza uji juu ya uji. Loweka kimea kwenye maji ya baridi, chuja, tumia yale maji."

Nikachukua zamu yangu ya upatu, nikanunua marikani nyingine, nikaanza upya kwa adabu. Nilifua kitambaa kwanza kwa maji moto, nikatia maji ya kimea yaliyochujwa kwenye ndoo ya maji ya moto, yale unayochovya kidole ukakitoa haraka, lakini hayachemki. Bila sabuni, bila kostiki, bila dawa ya madoa, maana vinakiharibu. Nikafunika kwa blanketi yasipoe, nikalala. Asubuhi maji yalikuwa mazito, yananata. Nikasuuza mara tatu, nikaanika kipande, nikatia aidini. Ikabaki na rangi yake ya kahawia. Wanga umekwenda na maji!

Mzee akanionya nisishangilie mapema. Pamba ina nta yake ya asili, na kimea hakiitoi hiyo. Viwandani wana kimeng'enya kingine cha kuilegeza, pektinesi. Mimi wa uani nilichemsha kwa sabuni na magadi, nikasuuza. Nilipodondosha tone la maji, likanywewa papo hapo.

Na nyie masela wa jinzi za kupauka msijifanye haliwahusu. Zamani zilifuliwa pamoja na mawe, lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi vinatumia selulesi, kimeng'enya kinachokwangua nyuzi za juu tu. Hata sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na maziwa. Wazo hilo lilipewa hataza Ujerumani mwaka 1913, kwa jina la Otto Röhm. Kwa hiyo ukiichanganya sabuni hiyo na maji yanayochemka, umefanya kosa langu la sufuria.

Nikachovya pea 20. Zambarau ikatulia kila kona, maua yakawa meupe pe. Lakini kamati ilishanunua vitenge kwingine, na deni lao nililimaliza baada ya miezi minne, nikiuza zile batiki moja moja. Hilo sikufichi.

Siku ya kitchen party sikualikwa. Nilikwenda hivyo hivyo, nikiwa na pea moja kwenye mfuko wa karatasi. Bi harusi akanitoa nje, uso mkavu. Akaikunjua ile batiki, akaipinda huku na huku bila kusema neno. Kisha akachovya ncha ya leso yake nyeupe kwenye glasi ya maji, akasugua zambarau kwa nguvu zote. Akaitazama leso. Nyeupe. Akasugua tena. Nyeupe.

"Umefanyaje?" akauliza.

"Nimeacha ujuaji," nikamjibu. "Nimemuuliza shangazi."

Akacheka hadi wanja ukamharibika. Ile batiki aliivaa siku ya kwanza alipoingia kwa mumewe. Nami siku hizi, kabla sijamrukia muuza rangi, natia kwanza tone la aidini kwenye kitambaa.