Mgeni Katika Mji wa Hanoi: Namna ya Kuvuka Njia na Kufika Aendako

Mji wa Hanoi ndio mji mkuu wa nchi ya Vietnam. Umejengwa kando ya Mto Mwekundu, nao ni mji wa kale, kwa maana mfalme Lý Thái Tổ alihamishia makao yake hapo mwaka 1010. Leo wakazi wake wapita milioni 8, na pikipiki zao huhesabiwa kwa mamilioni vile vile. Jambo hili la pikipiki ndilo litakalomgusa mgeni kabla ya jingine lo lote. Akisahau tarehe za wafalme hapati hasara. Lakini asipojua kuvuka njia, huenda asirudi kwao na miguu yake miwili.

Mtu atokaye Kenya, Uganda au Tanzania ana hatari moja ya ziada. Katika nchi hizo magari hushika mkono wa kushoto, na tangu utoto mtu amezoezwa kutazama kulia kwanza. Katika Vietnam magari hushika mkono wa kulia. Kwa hiyo hatari ya kwanza yamjia kutoka upande wa kushoto, yaani upande ule ambao shingo yake haikuzoea kuugeukia. (Mtu wa Rwanda, Burundi au Kongo hana taabu hiyo, kwa kuwa kwao pia ni kulia.) Hata hivyo kutazama kushoto peke yake hakutoshi, kwani wako wapanda pikipiki waendao kinyume cha wenzao, hasa duka wanalolitaka likiwa karibu. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Serikali ya huko imepandisha sana faini za makosa ya barabarani. Lakini mwenye busara hutazama pande zote mbili, hata katika njia ya upande mmoja, na hata juu ya njia ya miguu, ambayo pikipiki huifanya mahali pa kuegeshwa na mara nyingine pa kupitia.

Basi, avukeje? Mgeni husimama ukingoni akingoja nafasi, na nafasi haiji. Aweza kusimama hapo mpaka saa ya chakula ipite. Wenyeji hawafanyi hivyo. Wao hungoja motokaa na mabasi yaliyo karibu yapite, kisha huingia njiani polepole, kwa mwendo mmoja usiobadilika, wakiwatazama wanaokuja. Mpanda pikipiki amwonapo mtu aendaye hivyo hupiga hesabu moyoni: nitakapofika pale, mtu huyu atakuwa amekwisha songa hatua mbili, basi nitapita nyuma yake. Mwenzake naye apita mbele. Mkondo wote hugawanyika kama maji ya mto yanapokuta jiwe.

Hesabu hiyo ni nzuri maadamu mwenye miguu hakuiharibu. Akikimbia, ameiharibu. Akisimama ghafula katikati, ameiharibu. Kurudi nyuma ndiko kubaya kupita yote, kwa maana yule aliyekusudia kupita nyuma yake sasa amkuta mbele. Kuinua mkono kidogo ili aonekane si vibaya. Kutazama simu wakati wa kuvuka ni wazimu. Gari kubwa, lakini, ni habari nyingine. Basi haliwezi kukwepa kama pikipiki, na dereva wake atazamia mtu ampishe. Kwa hiyo asijitie mbele yake kwa kutumaini hesabu ya pikipiki. Mgeni mwoga, au mwenye watoto, amtafute mwenyeji avukaye, na mama mwenye kikapu cha mboga ndiye mwalimu bora. Aende ubavuni pake, upande ule usiojiwa na magari, na kabla hajamaliza hofu yake atakuwa amefika ng'ambo.

Tukirudi nyuma kidogo, safari huanza na viza. Mkenya huihitaji, na tangu tarehe 15 Agosti 2023 watu wa nchi zote waweza kuiomba kwa intaneti, na muda wake waweza kufika siku 90. Yafaa aiombe katika ukurasa wa Serikali yenyewe, wala asimlipe wakala kwa kazi awezayo kuifanya kwa mikono yake. Ndege zatua Nội Bài, kaskazini ya mji, mwendo wa kilomita karibu 30. Basi namba 86 hutoka hapo hata katikati ya mji na stesheni ya reli, kwa nauli ndogo sana kuliko ya teksi. Atakaye teksi na aende mahali palipopangiwa teksi, nje, asimfuate mtu amwitaye ndani ya ukumbi. Tena hoteli nyingi hufanana majina, na wako madereva watakaosema ya kuwa hoteli yake imejaa, au imehamia mtaa mwingine, wampeleke kwa rafiki zao. Dawa ya hayo ni kuwa na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na namba ya simu ya hoteli, na kupiga simu mbele ya dereva.

Fedha ya huko yaitwa dong. Katika mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu sawa na dong 200, kwa hiyo mtu wa mshahara wa kawaida hujiona ghafula kuwa milionea. Furaha hiyo ina mtego wake. Noti ya 20,000 na noti ya 500,000 zote ni za rangi ya samawati, zote zina uso wa Hồ Chí Minh, na gizani ndani ya teksi zafanana kabisa. Ya kwanza ni kama shilingi 100. Ya pili ni kama shilingi 2,500. Asiyehesabu sufuri atampa dereva mshahara wa siku kadha bila ya kujua, na si kila dereva atakayemwita amrudishie. Kwa hiyo zile kubwa ziwekwe mfuko wa mbali na zile ndogo. Ajue pia kwamba wachuuzi hukata sufuri tatu wanapotaja bei, hata "hamsini" ikawa na maana ya dong 50,000.

Mji wa kale uko kaskazini ya ziwa dogo la Hoàn Kiếm, nao huitwa mji wa mitaa 36. Zamani kila mtaa ulikuwa na mafundi wa kazi moja, na jina la mtaa likatokana na kazi hiyo: Hàng Bạc ni bidhaa za fedha, Hàng Thiếc ni bati, Hàng Muối ni chumvi. Katika Hàng Thiếc mpaka leo nyundo zalia juu ya mabati. Lakini Hàng Gai, iliyokuwa mtaa wa katani, sasa yauza hariri. Mtaa mmoja ulionyoka hubadili jina kila baada ya hatua chache. Mtu atokaye ziwani kwenda soko la Đồng Xuân hapindi popote, wala hatembei hata dakika 20, naye amekwisha pita Hàng Đào, Hàng Ngang na Hàng Đường. Asidhani amepotea.

Kupotea kwenyewe huanza katika vichochoro. Kichochoro huitwa ngõ, nacho hupewa namba kama kwamba ni nyumba ya barabara kubwa. Anwani ikisema "namba 12, ngõ 45", maana yake mtu aende barabarani mpaka penye namba 45, aingie kichochoroni, ndipo aanze kuhesabu upya mpaka 12. Ndani ya ngõ huweza kuwamo kichochoro kidogo zaidi, ngách, chenye namba zake tena. Tarishi mgeni angelia machozi, lakini mwenye kushika kanuni hii hafiki mlango wa mtu mwingine.

Kuuliza njia kwa mdomo ni kazi ngumu. Lugha ya Kivietnam ina sauti sita, na neno moja likipanda au kushuka hubadilika kabisa: silabi "ma" huweza kuwa mzuka, mama, kaburi, farasi au mche wa mpunga, kwa jinsi inavyotamkwa. Bahati njema huandikwa kwa herufi za Kirumi, kama Kiswahili cha leo, zenye alama nyingi juu na chini. Wamisionari ndio walioanza kuiandika hivyo, na kamusi ya Alexandre de Rhodes ilipigwa chapa Roma mwaka 1651. Kwa hiyo mgeni aonyeshe maandishi, na alama zake zote, maana alama ikiachwa, jina huwa la mtaa mwingine. Kwa heshima Mswahili atajiona nyumbani. Watu wa huko hawaitani ovyo, bali kwa udugu: anh ni kaka, chị ni dada, ông ni babu, bà ni bibi. Amwitaye mchuuzi "chị ơi", kama asemavyo mtu "ee dada", hujibiwa vizuri zaidi kuliko apigaye kelele kwa Kiingereza.

Kwa mwendo wa mbali iko pikipiki ya abiria, iitwayo xe ôm, yaani chombo cha kukumbatia, kwa sababu abiria humshika dereva kiunoni. Ni boda-boda ile ile kwa jina jingine. Siku hizi wengi huiita kwa programu ya simu, kama vile Grab, be au Xanh SM, na bei huonekana kabla ya safari, hata kubishana kukaisha. Kofia ngumu ni sheria kwa dereva na abiria tangu tarehe 15 Desemba 2007. Dereva asiye na kofia ya pili na aachwe aende zake. Mgeni atakaye kukodi pikipiki aiendeshe mwenyewe afikiri mara tatu. Asiye na leseni ikubaliwayo huko huenda akaanguka na bima isimlipe hata senti, na tangu tarehe 1 Januari 2020 dereva haruhusiwi kuwa na pombe yo yote mwilini, si glasi moja wala nusu.

Kuna pia xích lô, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria huketi mbele na mwendeshaji nyuma. Ni ya starehe tu. Bei ipatanwe kwanza na iandikwe: ni ya mtu mmoja au ya wote, ni ya saa au ya safari, ni dong au dola. Ugomvi mwingi hutokana na neno moja ambalo halikusemwa mwanzoni. Mabasi ni rahisi na huenda kila mahali. Treni za mjini zipitazo juu ya nguzo ni mbili hata sasa: ya Cát Linh mpaka Hà Đông, yenye stesheni 12, iliyofunguliwa Novemba 2021, na ya Nhổn mpaka Cầu Giấy, iliyoanza Agosti 2024. Ni safi na haziwahi kukwama katika msongamano, ila haziendi uwanja wa ndege wala hazipiti mji wa kale.

Kaburi la Hồ Chí Minh hufunguliwa asubuhi tu, hufungwa Jumatatu na Ijumaa, na huwa na wiki za matengenezo kila mwaka. Nguo fupi hazikubaliwi. Apendaye elimu aende Văn Miếu, hekalu la mwaka 1070, ambako mawe 82 yamesimama juu ya migongo ya makobe ya mawe, yamechorwa majina ya waliofaulu mitihani mikubwa ya mfalme. Karani aliyewahi kungoja matokeo yake atakaa hapo kitambo.

Mkulima, lakini, atapenda zaidi daraja la Long Biên. Wafaransa walilijenga kati ya mwaka 1899 na 1902, likaitwa kwa jina la Gavana wao Mkuu, Paul Doumer. Ni la chuma, urefu wake karibu kilomita 1.7, na ndege za Marekani zililipiga mabomu katika mwaka 1967 na 1972. Sehemu zilizorudishiwa baadaye zajulikana kwa umbo lake. Chini ya mwisho wake wa mjini kuna soko la matunda lifanyalo kazi usiku wa manane, kama Wakulima ya Nairobi kabla ya mapambazuko, na mgeni aingiaye humo asisimame katika njia ya mikokoteni. Katikati ya mto kuna kisiwa cha udongo wa mafuriko ambacho watu hulima ndizi, mahindi na mboga. Udongo wake ni mzuri kwa sababu mto huuleta, na mto huo huo huja kuchukua mazao. Septemba 2024, baada ya tufani iliyoitwa Yagi, maji yalifunika mashamba hayo, na daraja likafungwa kwa siku chache.

Treni hupita katikati ya daraja. Pikipiki, baiskeli na watu wa miguu hupita kandokando, na motokaa haziruhusiwi. Njia ya miguu ni nyembamba, ya vibamba vya saruji, na mto huonekana katika nyufa zake. Hapo pana jambo la ajabu: katika Hanoi yote magari hushika kulia, ila juu ya daraja hili hushika kushoto. Mkenya aliyejifunza kwa jasho kutazama upande mwingine hana budi kuyageuza tena mafundisho yake kwa muda wa dakika 20 au 30, mpaka ashuke upande wa pili, ambako pikipiki zote zarudi kulia.