Kufuli la Fundi

Chuo nilichosomea ufundi wa mitambo kilinifunza mengi, wala sina haki ya kukilaumu. Hata hivyo, mwezi wangu wa kwanza wa mafunzo katika kiwanda kimoja cha Changamwe, nusura niue mtu.

Tulikuwa twabadili beringi ya pampu ya maji. Ile mpya ilibana, nikainua nyundo niigonge. Fundi mzee, ambaye hakupata kukanyaga chuo, akanizuia mkono. Aliitia beringi katika mafuta ya moto, yapata digrii 110, ikatanuka, ikapenya katika shafti kama pete kidoleni. Kanuni ya chuma kutanuka kwa joto nilikwisha kuiandika katika mtihani nikapata alama zote! Haikunipitikia kwamba ilikuwa na kazi.

Adhuhuri nilirudi peke yangu. Nikadhani kazi imekwisha, nikaenda kuwasha umeme. Swichi ilikuwa imetiwa kufuli. Nilipozunguka kutafuta ufunguo nilimkuta mzee amelala nyuma ya pampu, mikono yote miwili imo ndani ya mtambo, ufunguo u mfukoni mwake.

"Mwanangu," alisema bila ya kunitazama, "kufuli hili silifungi kwa ajili ya wezi."

Leo mimi ndiye nipokeaye wanafunzi wa vyuo. Wengine huja baada ya kupitisha mafunzo mahali pengine wakifagia na kutumwa chai, nao hunitazama kwa mshangao asubuhi ya kwanza, ninapompa kila mmoja kufuli lake na ufunguo wake.