Nyumba za Wachimba Makaa wa Durham

Katika Uingereza, upande wa kaskazini-mashariki, liko jimbo la Durham, ambalo zamani lilijaa vijiji vya wachimba makaa ya mawe. Machimbo yake ya mwisho ya chini ya ardhi yalifungwa mwaka 1993, lakini nyumba nyingi zingaliko, nazo zina habari ya kutufunza.

Tukifika Beamish, mahali panapotunzwa mambo ya kale, twaona safu ya nyumba ndogo zilizoshikamana. Zilijengwa Hetton-le-Hole katika miaka ya 1860 na wenye machimbo. Mwaka 1976 zikahamishiwa pale, zikajengwa upya. Mbele zina bustani, na ndani mna meko kubwa ya kupikia. Mchimbaji hakulipa kodi, tena alipewa makaa ya kuwasha moto. Twaweza kuiita neema. Lakini nyumba ile ilikuwa sehemu ya ujira wake, si mali yake. Kazi ilipokoma, na nyumba ilikoma.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1844. Wachimbaji wa Durham na Northumberland waligoma, wakitaka ujira bora. Wenye machimbo wakaleta watu, vyombo vikatolewa nje, milango ikafungwa. Akina mama na watoto wao wakalala kando ya njia, chini ya mahema.

Hata wakati wa amani wazee walikaa kwa hofu. Mtu aliyechimba tangu utoto wake, nguvu zilipomwisha, ilimpasa kutoka ili mwenye nguvu apewe nafasi. Habari hii ilimchoma moyo Joseph Hopper, mchimbaji na mhubiri wa Kimethodisti. Hakutosheka na kuwahubiria wazee saburi. Mwaka 1898 chama kikaundwa, wachimbaji wakachanga fedha. Na haba na haba hujaza kibaba. Mwaka uliofuata wakapata nyumba za wachimbaji huko Haswell Moor, wakawakalisha wazee wao.

Basi, wasomaji wapenzi, kijana akituambia kwamba amepata kazi yenye nyumba, na tufurahi pamoja naye. Lakini tumwulize kwa upole: Siku utakapoishiwa nguvu, wewe na mkeo mtalala wapi? Wachimbaji wa Durham walijiuliza swali hilo, wakalijibu kwa mikono yao wenyewe.