Mchanga Tuliouuza

Mteja wa Dar es Salaam akitafuna dagaa wa Kigoma, mchanga ukamlia kinywani, husema sisi akina mama wa mwaloni ni wachafu. Hajui kwamba mchanga ule uliingia kwenye mzani pamoja na dagaa, na mimi niliufurahia.

Naanika dagaa Kibirizi mwaka wa kumi na saba. Kazi yetu ni ya giza. Mbalamwezi wavuvi wanalala. Giza likirudi wanatoka na taa, na alfajiri sisi tuko majini hadi magotini na makarai yetu. Dagaa mbichi hangoji mtu. Jua likichelewa, ifikapo saa nne matumbo yameanza kupasuka, na hapo umeshakula hasara.

Kwenye kikundi swali lilikuwa lilelile kila kikao: mtaji tutautoa wapi? Tukakopa. Mkopo ukanunua dagaa wengi zaidi, tukawamwaga kwenye mchanga uleule. Novemba ikanyesha siku mbili mfululizo. Mzigo tukauuza kwa wafuga kuku, rejesho likabaki palepale.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Sikuwa na cha kuanika. Nilikuwa nimebakiza gunia moja ndani, nikalichekecha, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Karai la chini likajaa mchanga na vichwa vilivyovunjika. Nikampigia mnunuzi wangu.

“Kaka, mchanga wangu unaukataje?”

Akacheka. “Mama, nilidhani unajua. Mzigo wa chini una bei yake, wa kichanja una bei yake.”

Miaka yote hiyo nilijiona mjanja, kwamba mchanga unaniongezea kilo. Kumbe mwenzangu alishautoa kwenye bei kabla hajafungua gunia, tena kwa kipimo chake yeye, na sikuwahi kumuuliza. Mtaji niliokuwa nautafuta kwa mikopo nilikuwa nausafirisha kwa treni kila wiki.

Vichanja si jambo geni. Jirani zetu Burundi walianza kufundishwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2004: wavu juu ya miti, hewa inapita chini, dagaa wanakauka kwa saa kama nane badala ya siku tatu. Nasi tulikuwa navyo viwili. Tulianikia nguo.

Sasa ninavyo vinne, na usidhani mambo yamenyooka. Kichanja kina mwisho wake. Giza likikolea, dagaa wakajaa, karai linashuka bei, na moyo hauambiliki. Mwezi uliopita nilinunua kupita vichanja vyangu. Waliozidi wakaenda chini. Nilimwambia binti yangu awatenge. Niliporudi kutoka sokoni kijana wa kufunga magunia alikuwa ameshachanganya wote.

Jioni mnunuzi akapiga simu kuuliza: wa kichanja au wa chini? Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia, wa chini.